'Bodi imeenda': Usilipe kabla ya kujua TV yako inaugua wapi

Jumamosi jioni. Umefua, umepika, na mechi inaanza baada ya nusu saa. Stima inapotea, mtaa mzima unaguna, kisha inarudi kwa kishindo. Balbu inawaka, friji inanguruma, jirani anaongeza redio. TV yako? Kimya. Hata ile taa ndogo nyekundu ya pale chini haipo.

Kesho yake unaipakata kwenye boda kama mtoto mgonjwa hadi kwa fundi. Anaitazama dakika moja, na kabla hata ya kuifungua anakutangazia: "Boss, bodi imeenda." Kisha bei inafuata. Wewe hujui bodi ni nini, hujui imeenda wapi, wala hujui kama ni kweli. Umebaki na njia mbili tu: ulipe, au uirudishe kwa keja ikae ukutani kama picha.

Kuna njia ya tatu, nayo haihitaji digrii. Jua TV bapa ina bodi gani, kila moja inafanya kazi gani, na ikiugua inaonyesha dalili gani. Ukijua hayo, "bodi imeenda" haitakuwa jibu tena, itakuwa mwanzo wa maswali. Na maswali hayo yanaweza kuwa tofauti kati ya kulipia kipuri cha bei ya soda na kulipia bodi nzima.

Jikoni, ubongo na mkalimani

Nyuma ya TV bapa nyingi kuna bodi tatu. Ya kwanza ni bodi ya pawa. Hiyo ndiyo jikoni. Inapokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuipika iwe vipimo vidogo: kwa kawaida volti 5 hivi za kuiweka TV macho ikisubiri rimoti, volti 12 za kuendesha bodi nyingine, na makumi ya volti, hata kupita 100, za kuwasha taa za LED zilizo nyuma ya kioo. Mafundi huziita taa hizo baklaiti.

Ya pili ni bodi kuu, ubongo wenyewe. Hapo ndipo unapochomeka HDMI, USB na waya wa antena, na hapo ndipo sauti na programu za TV zinaishi. Ya tatu ni tikoni, bodi nyembamba iliyo karibu na kioo. Hii ni mkalimani: inachukua picha kutoka kwa bodi kuu na kuigawa kwa safu za vidoti vya rangi kwenye skrini.

Kwenye TV ndogo, kama zile za inchi 32, mara nyingi kazi zote hizi zimeunganishwa kwenye bodi moja. Lakini hata hapo kila kazi ina sehemu yake, na dalili ni zile zile.

Soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Taa nyekundu haiwaki kabisa? Anza na vitu vya bure. Jaribu soketi nyingine, jaribu waya mwingine, toa ekstensheni. Ikiwa bado ni giza, mshukiwa wa kwanza ni bodi ya pawa.

Taa nyekundu inawaka lakini TV inakataa kuamka? Hapa ndipo watu wengi huuziwa bodi isiyo na hatia. Sikiza mpango ulivyo: ukibonyeza rimoti, bodi kuu hutuma ombi kwa bodi ya pawa kwamba "niwashie". Bodi ya pawa hujibu kwa kutoa volti 12. Ombi hilo hupita kwenye waya ambao mara nyingi umeandikwa PS-ON au STB pale unapochomekwa. Fundi anapima tu: ombi likifika na volti 12 zisitoke, kosa ni la pawa. Ombi lisipotumwa kabisa na zile volti 5 zipo, macho yanageukia bodi kuu. Kipimo cha dakika mbili kinamaliza ubishi.

Sauti ipo, picha hakuna? Zima taa za chumba, washa tochi ya simu na uimulike skrini kwa karibu ukiinamisha mkono. Ukiona vivuli vya watu wakitembea, picha ipo, ni baklaiti ambayo imekufa. Mara nyingi TV haihitaji bodi kuu mpya, hata uambiwe na nani.

Picha ipo lakini imejaa mistari, nusu ya skrini imefifia, au rangi zimegeuka kama negativu ya kamera ya zamani? Hiyo ni tikoni, au ule utepe unaoiunganisha na bodi kuu, au kioo chenyewe. Wakati mwingine kuutoa utepe, kuusafisha na kuurudisha kunatosha. Mstari mmoja wa wima usiobadilika mara nyingi ni ugonjwa wa kioo, na huo hautibiki kirahisi.

TV inaonyesha nembo ya kampuni, inazima, inaonyesha tena? Hapo shida mara nyingi ni ya bodi kuu: programu imeharibika au chipu ya kumbukumbu imechoka. Mara nyingine dawa ni kuingiza programu upya kwa USB.

Fyuzi ni marehemu, si muuaji

Turudi kwa ile TV ya Jumamosi. Fundi mzuri akiifungua ataanza kufuata njia ya stima kutoka mlangoni: fyuzi, kisha daraja la daiodi linalobadilisha stima ya ukutani iwe ya mwelekeo mmoja, kisha kapasita kubwa, kisha transista ya swichi wanayoiita mosfeti, kisha transfoma.

Tuseme fyuzi imeungua. Fundi wa haraka ataweka nyingine, na itaungua papo hapo. Fundi wa mtaa uliokata tamaa ataifunga kwa waya, na sasa hakuna kinachoilinda TV wala nyumba yako dhidi ya moto. Wote wawili wamekosea jambo moja: fyuzi haiungui kwa kupenda. Imekufa ikitetea wenzake. Ukiona kioo chake kimekuwa cheusi ndani, jua kuna kitu mbele kilichogusana na kuivuta stima nyingi kwa mpigo.

Kwa hivyo anapima. Daiodi nzima hupitisha upande mmoja na kukataa upande wa pili. Ikipitisha pande zote, imekufa. Mosfeti ikisoma karibu sufuri kati ya miguu yake, hiyo pia imeenda, na mara nyingi huondoka na kile kizuizi kidogo kilicho kando yake na hata chipu inayoiongoza. Ukibadilisha mosfeti peke yake bila kuwakagua majirani zake, utainunua tena kesho. Kuna pia kisahani kidogo karibu na fyuzi ambacho kazi yake ni kujitoa mhanga stima ikiruka. Kikipasuka, kimefanya kazi yake.

Kama fyuzi ni nzima, hadithi inabadilika. Anaangalia kapasita ndogo upande wa pili wa transfoma. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa. Kilichovimba kama mkate ulioumuka ni dalili kwamba maji ya ndani yamekauka kwa joto la miaka. TV inayochukua dakika nyingi kuamka, au inayobofya ikiwaka na kuzima, mara nyingi inalia juu ya hizo. Mpya iwe na uwezo ule ule wa mikrofaradi, volti sawa au zaidi, na ikiwezekana ile ya kustahimili nyuzijoto 105 badala ya 85. Mstari ulio ubavuni ni upande wa hasi, ukiigeuza, italipuka.

Na kabla ya kuichomeka moja kwa moja ukutani, fundi makini hupitisha stima kwenye balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60 au 100. Balbu ikimeta kidogo kisha ififie, mambo ni sawa. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna mguso mahali, lakini hakuna kipuri kipya kilichoungua. Balbu imekuokolea pesa.

Kuhusu baklaiti, jua kwamba LED zake nyingi zimepangwa kwa foleni. Moja ikikatika, foleni nzima inazima. Kubadilisha ile moja tu ni kununua wiki chache, kwa sababu wenzake wana umri ule ule. Badilisha seti nzima, kisha punguza mwangaza kwenye mipangilio ya TV. Mwangaza wa juu kabisa ndio unaozichosha.

Hapa usijaribu ushujaa

Soma aya hii mara mbili. Stima ya volti 240 ikishapita kwenye daraja la daiodi, inakaa kwenye ile kapasita kubwa ikiwa karibu volti 340, na kwenye TV kubwa hupandishwa hadi karibu 400. Ukichomoa waya, kapasita inaweza kubaki imeshiba. Inaua. Mafundi waliofunzwa huimaliza nguvu kupitia kizuizi au balbu, kisha huipima kuhakikisha, ndipo mkono unaingia. Kuigusa kwa bisibisi ili itoe cheche ni mchezo wa kuharibu bodi na vidole. Kama hujafunzwa, kazi yako inaishia kwa tochi na macho.

Jua pia wakati wa kukubali. Kioo kikipasuka, achana nacho. Hicho ndicho sehemu ghali zaidi ya TV, na bei yake hukaribia ya TV mpya. Lakini usiitupe: bodi zake bado ni nzima, na ndizo zinazowatibu wengine. Ukizunguka Luthuli Avenue utapata bodi za aina hiyo. Ukinunua moja, linganisha namba iliyochapishwa kwenye bodi na namba ya kioo, sio jina na inchi tu. TV mbili za modeli moja zinaweza kuwa na vioo tofauti, na bodi isiyolingana itakuletea picha iliyopinduka au rangi za ajabu.

Muulize hivi

Ukifika kwa fundi, muulize kwa heshima: "Fundi, ni bodi gani? Umepima volti ngapi? Inaweza kurekebishwa ama lazima ibadilishwe? Nitapata kipuri cha zamani? Garantii ni ya muda gani?" Anayejua kazi yake hatakasirika. Atakuonyesha mita.

Nawe pia kuwa muungwana. Akikwambia kuna ada ya kuchunguza tu, lipa. Kujua shida iko wapi ndiyo kazi yenyewe; kulehemu ni dakika tano. Ukikataa kulipia uchunguzi, unamsukuma kukuuzia bodi nzima ili naye apate chakula cha siku.

Na kama umesoma hadi hapa vidole vikiwasha, huenda hii ni hasla yako. Tafuta mita, chuma cha kulehemu na bodi zilizokufa za kufanyia mazoezi ya kutoa na kurudisha vipuri. Kaa na fundi anayepima, sio anayebahatisha. Pima bodi nzima kwanza, maana usipojua uzima unasoma vipi, ugonjwa hautautambua. Ukishaiva, NITA hutoa mitihani ya ufundi ya gredi ya III hadi I kwa waliojifunza kwa mikono, ili uwe na karatasi ya kuonyesha.

Stima ikipotea tena, usingoje. Chomoa TV, na ikirudi iache itulie dakika chache kabla ya kuichomeka. Na kama tayari imenyamaza, tazama taa nyekundu, mulika tochi, andika ulichoona kwenye simu. Ukiingia kwa fundi ukisema "sauti ipo, picha hakuna, na kwa tochi naona vivuli", hatakuambia tena kwamba bodi imeenda. Atavuta kiti, na mtaanza kuongea kuhusu baklaiti.