JE, KUYEYUSHA RISASI YA BETRI KUUKUU KUNA FAIDA?

Betri ya gari inapokufa haipotezi thamani yake yote. Ndani yake imo risasi, madini mazito na laini ambayo huyeyuka kwa nyuzi joto 327, kiwango kinachofikiwa na jiko la makaa lenye kupepewa vizuri. Kiasi cha asilimia 85 ya risasi itumikayo ulimwenguni huingia katika betri, na zaidi ya nusu ya risasi inayozalishwa hutokana na vitu vikuukuu vilivyoyeyushwa upya. Si ajabu, basi, kuwaona watu wakipasua betri uani na kutia mabamba yake jikoni kwa kutaraji kipato.

Mfano mzuri wa kulipima jambo hili ni kijiji kama Kiberege, kilichopo katika Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, kwenye barabara itokayo Kidatu kuelekea Ifakara. Huko betri hazikosekani: zipo za matrekta ya mashamba ya mpunga, za malori na za taa za nguvu ya jua. Wavuvi wa mtoni nao huhitaji chubwi za nyavu. Makaa yapo, betri zipo, lakini kiwanda kiko mbali. Hali hiyo haitofautiani na ya vijiji vingi vya Unguja na Pemba, na hesabu yake ni ile ile.

Hesabu ya kipato

Betri ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 15 hivi, na takriban asilimia 60 ya uzito huo, yaani kilo 9, ni risasi. Katika miaka ya 2023 na 2024 bei ya risasi katika soko la madini la London ilikuwa kiasi cha dola 2,000 za Marekani kwa tani, sawa na dola 2 kwa kilo. Mwenye kuhesabu kwa haraka ataona dola 18 ndani ya kila betri.

Hesabu hiyo ina kasoro. Risasi iliyomo ndani ya betri iko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni risasi tupu ya vichwa vya betri, viungio na nyavu za mabamba. Namna ya pili ni ule udongo wa rangi ya kijivu na hudhurungi uliopakwa juu ya mabamba, ambao ni risasi iliyoungana na oksijeni na salfa. Risasi ya kwanza huyeyuka jikoni. Ya pili haitoki ila katika tanuri lenye joto la nyuzi 1,000 hivi, pamoja na makaa, vipande vya chuma na magadi ya kiwandani.

Kwa kuwa nusu au zaidi ya risasi imo katika udongo huo, mwenye jiko la uani huambulia kilo 4 hivi. Kwa bei ya London hizo ni dola 8, na hapana mnunuzi atakayelipa bei ya London kwa donge lisilosafishwa. Zitolewe gharama za makaa na siku ya kazi, kinachobaki ni kidogo. Mnunuzi wa betri nzima, kwa upande wake, hupima uzito wote, kwa sababu kiwanda kina uwezo wa kuutoa utajiri uliomo katika udongo wa mabamba. Anayeyeyusha nyumbani huuza nusu ya mali yake, na nusu ya pili huimwaga uani kama majivu.

Hasara isiyoingizwa katika hesabu

Majivu hayo ndiyo madhara yenyewe. Vumbi na moshi wa risasi havina harufu ya kumtanabahisha mtu. Hutua juu ya nguo, vyombo, mboga na mchanga wanaochezea watoto. Maji ya betri, ambayo ni tindikali kali, huunguza ngozi na macho, na yakimwagwa huingia ardhini pamoja na chembe za risasi. Risasi haiozi, udongo ulioipokea hukaa nayo kwa miaka mingi.

Watoto ndio wenye kudhurika zaidi. Mwili wa mtoto hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hapana kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama. Dalili zake ni maumivu ya tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, uzito wa kujifunza na, sumu inapozidi, degedege na kupoteza fahamu. Katika sehemu zenye malaria dalili hizo huweza kudhaniwa homa ya kawaida. Dawa za kupunguza risasi mwilini zipo, lakini hazirudishi akili iliyokwisha kuathirika.

Mafunzo kutoka Dakar na Mombasa

Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, Senegali, wakaazi walivunja betri kuukuu na kuchekecha udongo ili kuokota risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki kwa sumu hiyo.

Hapa Afrika Mashariki, katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyepata kuajiriwa na kiwanda hicho na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, aliongoza madai ya wanakijiji. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliithibitisha fidia hiyo mwezi wa Disemba 2024. Ikiwa tanuri la kiwanda lisilosimamiwa vyema lilileta maafa hayo, jiko la uani lisilo na bomba wala kichujio halina usalama wowote.

Linalopasa kufanywa

Wananchi wanashauriwa kuuza betri kuukuu ikiwa nzima, bila ya kupasuliwa wala kumwagwa maji yake, kwa mnunuzi mwenye kibali. Tanzania Bara taarifa za vibali zipatikane kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, na Zanzibar kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira. Ikisubiri kuuzwa, betri iwekwe wima, mahali penye paa, mbali na watoto na kisima.

Wakuu wa idara wahakikishe kuwa betri za magari ya Serikali zinaorodheshwa na kuondoshwa kwa utaratibu wa mali chakavu, wala hazigawiwi madereva au mafundi. Masheha na watendaji wa vijiji watoe taarifa wanapoona uyeyushaji katika makaazi ya watu.

Aliyekwisha kuifanya kazi hii aiache. Sufuria iliyotumika isipikiwe tena, nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto, na vumbi lisifagiliwe kavu bali lirowanishwe kwanza. Watoto wa nyumba hiyo wapelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari waziwazi kuwa betri ziliyeyushwa nyumbani, kwani daktari asiyeambiwa huenda akatibu malaria na kuiacha sumu mwilini.