Kimo Hakifundishwi: Urefu wa Mchezaji na Usajili wa Mpira wa Kikapu katika Vyuo vya Marekani

Utangulizi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu mrefu. Huyu ni njorinjori, yule ni mrefu kama mnazi, na mwingine huitwa ngongoti. Aghalabu maneno hayo hutamkwa kwa mzaha, na kijana anayeitwa hivyo shuleni huishia kuinamisha mabega ili afanane na wenzake. Lakini iko nchi ambapo kijana huyo huyo, akibahatika kuonwa na kocha, anaweza kulipiwa karo ya chuo kikuu, malazi na chakula kwa sababu ya kimo kile kile anachokionea haya. Nchi hiyo ni Marekani, na mlango wenyewe ni mpira wa kikapu wa vyuo vikuu.

Makala haya yanadhamiria kujibu maswali matatu. Je, kwa nini kimo kikawa na thamani kubwa hivyo katika mchezo huu? Usajili wa wachezaji wa vyuo hufanywa vipi? Na je, kijana aliyesajiliwa kwa ajili ya kimo chake hupata nini mwishowe? Msimamo wetu ni kwamba kimo hufungua mlango, ila hakimkalishi mtu ndani ya nyumba.

Kikapu na futi kumi

Mchezo huu uliasisiwa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya viungo mjini Springfield, jimbo la Massachusetts. Alitundika vikapu viwili vya kubebea matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi. Ukingo huo ulikuwa futi 10 kutoka sakafuni, yaani mita 3.05, na kipimo hicho hakijabadilika hadi leo. Katika kandanda lango liko ardhini, na mfupi na mrefu hulifikia sawia. Katika mpira wa kikapu lengo liko hewani. Mchezaji wa sentimita 213 akinyoosha mkono, hubakisha nafasi ndogo tu kabla ya kuigusa pete. Mwenzake wa sentimita 180 hana budi kuruka sana ndipo afike hapo.

Uzito wa jambo hili unadhihirika tukichunguza historia ya sheria za mchezo. Katika miaka ya 1940, George Mikan wa Chuo Kikuu cha DePaul (sentimita 208) na Bob Kurland wa Oklahoma A&M (sentimita 213) walisimama karibu na kikapu na kuipangua mipira iliyokuwa ikishuka kuingia. Mwaka 1944 kitendo hicho kilipigwa marufuku. Vivyo hivyo, mwaka 1967, baada ya Lew Alcindor wa UCLA, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar, kuvitesa vyuo vingine kwa kimo chake, Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo (NCAA) kilikataza wachezaji kuusukumiza mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1976. Ni dhahiri kwamba watu hawatungi sheria dhidi ya jambo lisilo na nguvu.

Kwa nini kocha huanza na kimo

Makocha wa Marekani wana msemo kwamba urefu haufundishwi. Msemo huu ndio ufunguo wa mjadala wote. Kocha anaweza kumfundisha kijana kudunda mpira, kupiga pasi, kulenga na kusogeza miguu. Anaweza kumjenga misuli kwa mazoezi na lishe. Hawezi kumwongezea hata sentimita moja ya kimo.

Mfano mzuri ni Mikan huyo huyo. Alipofika DePaul alikuwa mzito wa miguu. Kocha wake, Ray Meyer, alimwekea mazoezi ya kuruka kamba na ya ngumi, hata akampeleka akajifunze kucheza dansi ili miguu iwe myepesi. Kila kitu alifundishwa ila zile sentimita 208, ambazo alikuja nazo mwenyewe. Kwa hiyo kocha anapolinganisha kijana mfupi mwenye ustadi na kijana mrefu asiyejua mengi, huuona ustadi wa yule kama kitu kinachoweza kupatikana kwingine, na kimo cha huyu kama kitu adimu.

Uhaba wa nafasi nao huchangia. Hadi msimu wa 2024/25, timu ya wanaume ya Daraja la Kwanza iliruhusiwa kutoa ufadhili kwa wachezaji 13 pekee. Kocha aliyekosea katika wawili au watatu alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya kikosi chake.

Namna usajili unavyofanyika

Daraja la Kwanza la NCAA lina vyuo zaidi ya 350. Makocha na wasaidizi wao huwatafuta vijana katika mechi za shule za upili na katika mashindano ya majira ya joto, ambapo makocha wengi huweza kuwatazama wachezaji wengi pamoja. Kijana anayewapendeza huandikiwa, hupigiwa simu, na hualikwa kukizuru chuo kwa gharama ya chuo chenyewe. Kanuni huweka vipindi ambavyo kocha haruhusiwi kukutana na kijana ana kwa ana, ili asisumbuliwe mwaka mzima.

Fauka ya hayo, kimo peke yake hakitoshi kisheria. Ili acheze katika Daraja la Kwanza, kijana sharti awe amemaliza shule ya upili, amepita masomo 16 ya msingi, na kupata wastani wa alama usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Mitihani ya kitaifa ya kujiunga na vyuo, iliyokuwa sharti kwa miaka mingi, iliondolewa na NCAA mwaka 2023. Vyuo vya Daraja la Tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na hali ni hiyo hiyo katika vyuo vinane vya kundi la Ivy League.

Kwa kuwa watu warefu ni wachache popote walipo, jicho la wasakaji vipaji lilivuka bahari na kufika Afrika. Hapa methali ya penye miti hapana wajenzi inasadifu: kimo kipo, lakini viwanja na makocha ni haba. Kijana hujikuta anaanza mchezo akiwa amechelewa, kisha anasafirishwa kwenda kushindana na wenzake walioanza wakiwa na umri wa miaka sita.

Mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Akapelekwa Marekani, akamalizia shule ya upili Houston, na mwaka 2006 akajiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut akiwa na kimo cha sentimita 221. Huko alizuia mipira kama ukuta. Aliteuliwa mlinzi bora wa kundi la Big East mwaka 2008 na 2009, na katika mwaka huo wa pili timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Hata hivyo, Februari 2009 alikutana na DeJuan Blair wa Pittsburgh, aliyekuwa mfupi kuliko yeye kwa takriban sentimita 20. Blair alifunga alama 22 na kudaka mipira 23 iliyogonga pete na kurudi, na Pittsburgh ikashinda. Mwili mpana uliojua mahali pa kusimama uliushinda mwili mrefu.

Juni mwaka huo, Memphis Grizzlies ilimchagua Thabeet wa pili kati ya vijana wote waliokuwa wakiingia ligi ya kulipwa ya NBA. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. Mambo hayakumwendea vyema. Februari 2010 alishushwa kwenda ligi ya maendeleo, na mechi yake ya mwisho ya NBA aliicheza mwaka 2014. Si haki kumlaumu kijana. Alianza mchezo akiwa na miaka 15, na kabla ya kutimiza 23 alikuwa anatarajiwa kuwa amekomaa. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo huhitaji muda.

Mfano wa pili ni Stephen Curry, aliyechaguliwa wa saba siku hiyo hiyo. Alipomaliza shule ya upili alikuwa na kimo cha sentimita 183 hivi na mwili mwembamba. Vyuo vikubwa vilimpuuza. Virginia Tech, alikosomea babake, ilikuwa tayari kumpokea bila ufadhili. Akaenda Davidson, chuo kidogo cha North Carolina, na mwaka 2008 akakifikisha kwenye robo fainali ya taifa. Silaha yake ilikuwa mtupo wa mbali wenye alama tatu, ambao NCAA iliuidhinisha kwa vyuo vyote mwaka 1986. Sheria hiyo ilimpa asiye mrefu njia ya kufunga bila kukaribia pete. Siku hizi hata mchezaji mrefu hutarajiwa kujua kulenga kutoka mbali.

Mfano wa tatu ni Dikembe Mutombo wa Kongo, mwenye sentimita 218. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani, akinuia kusomea udaktari. Kocha John Thompson akamwona, akamwingiza uwanjani. Mutombo alicheza NBA kwa misimu 18. Lakini wanafunzi wa lugha tukumbuke kwamba aliondoka Georgetown akiwa na shahada ya isimu na diplomasia. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwa jina la mamake ilifunguliwa Kinshasa. Alifariki mwaka 2024, na hospitali ingalipo.

Yampasayo kijana kuuliza

Kutokana na mifano hii, kijana mrefu anayefuatwa na msakaji vipaji hana budi kuuliza kabla ya kutia sahihi. Ufadhili ni wa miaka mingapi? Kuanzia 1973 hadi 2012 ufadhili wa Daraja la Kwanza ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja. Nikivunjika goti, nitaendelea kusoma? Nitasomea nini, na ratiba ya mazoezi itaniruhusu? Aidha, tangu 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa. Hata hivyo, mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo amewekewa mipaka ya kufanya kazi ya malipo, na akiikiuka anaweza kufukuzwa nchini. Mzazi asiyejua haya huiona ndege tu, haoni mkataba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kimo kilipata thamani kwa sababu kikapu kilitundikwa juu na kwa sababu hakuna kocha awezaye kukifundisha. Yameonyesha pia kwamba kimo hupimika kwa utepe siku moja, ilhali ustadi, subira na elimu hupimika kwa miaka. Curry alirudi kuikamilisha shahada yake ya sosholojia Davidson mwaka 2022, miaka 13 baada ya kuondoka, ingawa kufikia hapo fedha hazikuwa tatizo lake.

Basi tukimwona njorinjori darasani, tusimcheke. Tumwambie asimame wima. Kisha tumwambie kwamba akija mgeni kumpima kwa utepe, naye atoe orodha ya maswali yake, ampime mgeni.