Kusoma Vyombo vya Habari Kidato cha Sita (3): Mambo Leo, Kwetu na Swali la Mwenye Gazeti

Ripoti ya mapitio ya mtaala wa Uingereza, yaliyoongozwa na Profesa Becky Francis, ilitoka Novemba 2025, na serikali ya huko ikaahidi kwamba watoto wataanza kufundishwa kutambua habari za uongo tangu shule ya msingi. Ni hatua njema. Hofu yangu ni kwamba sisi, kwa desturi yetu ya kuiga nusunusu, tutadaka kipande hicho na kuliacha somo lenyewe la vyombo vya habari. Kutambua uongo ni sehemu ndogo ya kazi hii. Gazeti laweza kuandika kweli tupu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho na bado likampotosha msomaji kwa yale lisiyoyagusa.

Ushahidi tunao nyumbani. Mambo Leo lilianza Januari 1923, likitolewa Dar es Salaam na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni. Lilikuwa gazeti zuri, na wanaolibeza leo aghalabu hawajalifungua: lilichapa mashairi, visa vya kale na barua za wasomaji, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa washairi wake. Ila mwenye gazeti alikuwa serikali, na serikali haikugharimia karatasi ili isutwe. Mwaka 1937, katika mji uleule, Erica Fiah akatoa Kwetu, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah alikuwa mwenye duka, mzaliwa wa Uganda, na mwaka 1934 alikuwa ameshaanzisha chama cha ustawi na biashara cha Waafrika. Hakuwa na idara nyuma yake. Alikuwa na malalamiko ya watu wake, na hayo ndiyo yaliyolijaza gazeti. Weka kurasa za magazeti haya mawili mezani. Lugha moja, mji mmoja, miaka ileile. Mwanafunzi akiulizwa nani amelipia uchapaji, nani anasemewa na nani hatajwi kabisa, hatahitaji kuambiwa kwamba lipo lililodanganya. Ataona jinsi umiliki unavyochagua habari hata pale mhariri anapokuwa mtu mwaminifu.

Watasema hili ni somo jepesi, la waliokimbia hesabu. Tuhuma hiyo Waingereza wameijibu kwa mtihani: tangu muhula wa 2017 somo lao la kidato cha sita hutoa asilimia 70 ya alama kwa karatasi za mtihani na 30 kwa kazi ambayo mwanafunzi huitengeneza mwenyewe, na anatakiwa kuwaelewa kina Roland Barthes na Stuart Hall, waandishi ambao si wepesi hata chuo kikuu. Hall huyo, Mjamaika, alitoa pamoja na Paddy Whannel mwaka 1964 kitabu kilichowakosoa walimu waliofundisha watoto kudharau filamu na muziki wa wengi. Wahakiki F. R. Leavis na Denys Thompson walikuwa wamefungua njia hiyo ya dharau mwaka 1933, wakiyachukulia matangazo ya biashara kama ugonjwa wa kukingwa kwa chanjo. Kosa lao ndilo tutakalolirudia tukifundisha habari za uongo peke yake: kijana atatoka darasani akishuku kila kitu, bila kujua kupima chochote.

Pingamizi zito zaidi ni la walimu: nani atafundisha? Mwalimu wa Historia tayari humfundisha mwanafunzi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kuuliza waraka umeandikwa na nani, kwa ajili ya nani. Mwenzake wa Kiswahili humfundisha kuchambua uteuzi wa maneno. Stadi hizo hazivuki mlango wa darasa. Kijana huyohuyo akipokea kwenye WhatsApp picha ya umati yenye alama ya kusambazwa mara nyingi, huituma mbele bila kuuliza imepigwa lini na nani amekata pembeni yake. Tuanze basi na walimu hao wawili, kwa mada moja ya kidato cha tano, na itahiniwe, maana shuleni kwetu kisichotahiniwa huachwa hadi wiki ya mwisho ya muhula. Muundo wa karatasi hiyo nitaueleza katika makala ijayo.