Ulinganifu na Ukimya: Uhamisho wa Wagiriki na Waturuki katika Filamu za Hali Halisi

Tarehe 30 Januari 1923, mjini Lausanne, Uswisi, wajumbe wa Ugiriki na Uturuki walitia saini mkataba ulioamuru nchi hizo mbili zibadilishane watu kwa lazima. Kigezo kilikuwa dini. Wakristo wa Kiorthodoksi wapatao milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, ingawa wengi wao walikuwa wamekwisha kuikimbia Anatolia baada ya jeshi la Ugiriki kushindwa na mji wa Smyrna kuteketea mnamo Septemba 1922. Waislamu kati ya 350,000 na 400,000 walipelekwa Uturuki. Waorthodoksi wa Istanbul na Waislamu wa Thrace ya Magharibi ni miongoni mwa wachache walioruhusiwa kubaki.

Filamu za hali halisi zinazosimulia uhamisho huo, pamoja na zile zinazohusu Saiprasi iliyogawanyika mwaka 1974, aghalabu husifiwa kuwa ni vyombo vya maridhiano. Nyingi kati yake hutegemea mbinu moja, nayo ni ulinganifu: upande huu uliteseka, na upande ule vilevile. Makala hii inatetea hoja kwamba ulinganifu humwezesha mtazamaji kumsikiliza jirani aliyefundishwa kumwogopa, lakini ukigeuzwa kuwa kanuni huficha tofauti ambazo ndizo kiini cha kumbukumbu zenyewe.

Mfano ulio wazi ni kazi za mtengenezaji filamu wa Ugiriki, Maria Iliou. Baada ya filamu yake kuhusu maangamizi ya Smyrna, alitengeneza From Both Sides of the Aegean, ambayo hata jina lake linatangaza pande mbili. Kazi hizo zimejengwa juu ya picha za kale zilizokusanywa kutoka hifadhi za Ulaya na Marekani, maelezo ya wanahistoria, na masimulizi ya wahamishwa na vizazi vyao. Kuwapa Waislamu waliong'olewa Ugiriki nafasi katika simulizi iliyozoeleka kuwa ya Wagiriki peke yao si jambo dogo.

Hata hivyo, pande hizo mbili hazikukumbuka kwa namna moja. Nchini Ugiriki, wakimbizi walifikia takriban moja ya tano ya watu wote, tukio likaitwa Maafa, na tangu mwaka 1930 mradi ulioanzishwa na Melpo Merlier, uliokuja kuwa Kituo cha Taaluma za Asia Ndogo, ulikusanya ushuhuda wao kwa maelfu ya kurasa. Nchini Uturuki, miaka hiyohiyo ni ya ushindi wa vita na kuzaliwa kwa jamhuri, na katika sherehe hiyo huzuni ya Mwislamu aliyeacha shamba lake Makedonia haikuwa na mahali pa kukaa. Ukusanyaji mpana wa masimulizi yao ulichelewa kwa miongo mingi. Filamu inapozipa pande zote dakika sawa, mtazamaji huweza kudhani kwamba hifadhi nazo ni sawa. Ukimya wa upande mmoja ni ushahidi unaostahili kuonyeshwa, wala si pengo la kuzibwa kwa muziki wa huzuni.

Suala la lugha linahitaji uangalifu zaidi, na wahakiki wengi hulipita haraka mno. Kwa kuwa kigezo kilikuwa dini, Wakaramanli waliosema Kituruki na kukiandika kwa herufi za Kigiriki walipelekwa Ugiriki. Waislamu wa Krete waliosema Kigiriki walipelekwa Uturuki. Wote wawili walifika "nyumbani" wakiwa wageni wa lugha. Ndiyo maana mzawa wa familia ya Kikrete huko Cunda, karibu na Ayvalık, anaposimulia habari za wazee wake kwa Kigiriki cha Krete, sauti yake peke yake inaipinga mantiki ya mkataba kabla hata maana ya maneno haijaeleweka. Mhariri akiifunika sauti hiyo kwa sauti ya mfasiri, anaufuta ushahidi mkuu wa filamu yake. Tafsiri ya maandishi chini ya picha huuhifadhi, ilimradi ieleze ni lugha gani inayosikika. Mtazamaji asiyejua Kigiriki wala Kituruki hatagundua kwamba "Mturuki" huyo anasema Kigiriki.

Filamu ya Nefin Dinç na Hercules Millas, The Other Town (2011), hutumia ulinganifu kwa lengo jingine. Inakwenda Dimitsana nchini Ugiriki na Birgi nchini Uturuki, ikiwahoji wakazi jinsi wanavyomwona jirani wa ng'ambo. Hapa kinacholinganishwa ni chuki ya kurithi, inayopitishwa shuleni na katika sherehe za kitaifa, si mateso. Huo ni ulinganifu wenye makali, kwa sababu haumfariji yeyote.

Saiprasi inaleta tatizo la aina nyingine: mashahidi wako hai, na pengine wahusika wa mauaji pia. Our Wall, ya Panicos Chrysanthou na Niyazi Kızılyürek, ilitolewa mwaka 1993, miaka kumi kabla ya vivuko vya mstari wa mgawanyo kufunguliwa tarehe 23 Aprili 2003. Wakati huo, Msaiprasi wa Kigiriki na wa Kituruki kutengeneza filamu kwa pamoja ilikuwa hoja tosha. Parallel Trips (2004), ya Chrysanthou na Derviş Zaim, inakwenda mbali zaidi kwa kuyarudia mauaji ya raia ya mwaka 1974 katika vijiji vya jamii zote mbili. Kamati ya Watu Waliopotea nchini Saiprasi ina orodha ya watu 2,002, yaani Wasaiprasi wa Kigiriki 1,510 na wa Kituruki 492, lakini mamlaka yake ni kuwatafuta, kuwatambua na kurejesha mabaki yao kwa jamaa. Hairuhusiwi kutamka nani anawajibika kwa vifo hivyo. Swali la nani aliua, ambalo chombo cha maridhiano kimezuiwa kulijibu, limebaki mikononi mwa watengenezaji filamu na wanavijiji wanaokubali kuketi mbele ya kamera.