Mama mlezi ataandika saa ngapi?

Alfajiri ya Kombewa haina tofauti kubwa na ya Mombasa kwa mwanamke mwenye watoto wadogo. Nikishaswali nawasha jiko, natia chai, naufunua unga wa mahamri uliolala ukiumuka. Kabla jua halijachomoza wanafunzi wamesimama mlangoni na sarafu zao mkononi, na mdogo wangu yuko mgongoni ananivuta mtandio. Basi huyu mama ataandika saa ngapi?

Nilikuja huku, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kumfuata mume wangu alipoletwa na kazi. Majirani Waluo wakanipa jina la nyar Mombasa, yaani binti wa Mombasa. Tangu usichana nilipenda kuandika, lakini baada ya kuolewa na kujaaliwa watoto wanne, kalamu niliiweka. Nilijiambia, "Nikipata nafasi."

Neno hilo ndilo lililoniponza. Marehemu mama yangu alikuwa hodari wa ngano. Kila nilipokwenda kwetu niliazimia kuketi naye niziandike, na kila mara kukawa na harusi, au mtoto ana homa, au safari imefika. Baada ya matanga yake nilirudi Kombewa, na usiku mmoja binti yangu akaniomba ngano moja ya bibi yake. Niliianza vizuri, nikafika katikati, nikanyamaza. Mwisho wake nimeusahau. Nimewauliza mama zangu wadogo, na kila mmoja ana mwisho wake, wala si ule wa mama.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilidhani wanawasema wenye maduka.

ALIYEMWANDIKIA BINTIYE

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate. Mumewe alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, naye akiwa mjane na mgonjwa, alitunga utendi wa wasia kwa bintiye, Mwana Hashima. Akafariki karibu mwaka 1860. Jina lake Kupona, lakini hakungoja kupona ndipo atunge. Wala hakutafuta sifa za wasomaji wengi. Alikuwa na mtoto mmoja wa kumwambia maneno, na maneno hayo hadi leo yanasomwa mashuleni na vyuoni.

Na huku bara nako wapo. Ukitoka Kombewa kuelekea magharibi, si mbali, utafika Asembo, alikozaliwa Grace Ogot mwaka 1930. Alikuwa muuguzi na mkunga, akawa mtangazaji, na baadaye mbunge na waziri msaidizi. Watoto alilea wanne, kama mimi. Hata hivyo mwaka 1966 alitoa riwaya yake, The Promised Land, na mwaka 1968 hadithi fupi za Land Without Thunder. Nyingine alizisikia kwa bibi yake, kwani Waluo nao wana ngano zao, waziitazo sigana. Nyingine zilitoka kazini: katika hadithi yake moja wauguzi wanakataa kubeba vyombo vya haja vya wagonjwa. Kazi iliyomnyima wakati ndiyo iliyompa la kuandika. Alifariki mwaka 2015 na vitabu vyake vipo.

DAFTARI LA MSUMARINI

Nami nikanunua daftari la kurasa 96, nikalitundika kwa uzi kwenye msumari jikoni, na kalamu nikaifunga hapo hapo. La kwanza liliniharibikia: mwanangu alichana ukurasa akamfungia mteja mahamri. Sasa nyumba nzima inajua kwamba la msumarini haliguswi.

Ilhamu sijaiona ikija kwa kupiga hodi. Huja na muuza omena anayemlalamikia mvua samaki wake wakiwa juani, au na swali la mtoto njiani kutoka chuoni. Nikilisikia neno naliandika papo hapo, mistari mitatu minne, hata kama mkono una unga. Usiku nikishakanda, nayaunganisha.

Lakini nisidanganye kwamba msumari peke yake ulitosha. Mwanzoni mume wangu alicheka. Kisha, bila ya kusema neno, akaanza kumchukua mdogo kila baada ya Isha, nusu saa hivi. Nusu saa hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Waume mnaosoma ukurasa huu, hebu lipimeni jambo hili: mke hakuombeni nyumba mpya, anakuombeni mumshikie mtoto.

Ile ngano ya mama nimeiandika mpaka pale ninapopakumbuka, na nusu ya ukurasa nimeiacha wazi. Binti yangu huniuliza kwa nini sijazi. Namwambia, hapo ni mahali pa bibi yako.

Dada msomaji, ikiwa mama yako yu hai, usingoje nafasi. Chukua daftari, uende ukaketi naye leo.