Mwanza ya Vijijini: Nguvukazi Iliyogawanyika kati ya Ziwa na Shamba

Mkoa wa Mwanza, ulio kusini mwa Ziwa Victoria, hujulikana zaidi kwa jiji lake la majabali, ilhali zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji na wakazi wake wengi wako mbali na jiji hilo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 3,699,872, kutoka 2,772,509 wa mwaka 2012. Kati yao, 1,104,521 walikuwa Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mjini. Waliosalia, takriban 7 katika kila 10, waliishi Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na visiwa vya Ukerewe.

Kwimba, isiyopakana na ziwa, hutegemea ardhi na mvua. Udongo mweusi wa mabondeni, kwa kuwa hushika maji, huchimbwa majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vilivyozungushiwa kingo za udongo, nayo miinuko yenye kichanga hupandwa pamba, mihogo na viazi vitamu. Pamba ndiyo iliyozaa ushirika wenye nguvu wa Kanda ya Ziwa, ambao Paul Bomani aliuongoza katika miaka ya 1950.

Ufukweni na visiwani, mgawanyo wa wakulima upande huu na wavuvi upande ule, ambao watunga mipango huupenda mno, haushiki. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi za betri au sola, kwa sababu mwanga huwavuta samaki hao kuelekea wavuni. Mwezi unapokuwa mpevu, nuru yake huipunguzia taa nguvu, mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa, na mvuvi mwenye shamba hupata nafasi ya kushika jembe. Asubuhi baada ya uvuvi, kazi huhamia kwa wanawake wanaoanika dagaa mchangani au kwenye vichanja, yaani meza za miti na nyavu zinazowaepusha na mchanga. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, dagaa huharibika na bei huporomoka, huenda wakaishia kuwa chakula cha kuku.

Mzigo uliokauka vizuri husafirishwa hadi soko la Mwaloni, Kirumba, jirani na Pasiansi, kata mojawapo ya Ilemela, ambako wachukuzi, wapangaji wa magunia, mama lishe na madalali hupata riziki kwa kazi iliyoanzia visiwani. Kwa hiyo takwimu inayomwandikia mtu kazi kuu moja tu humpunja mkazi wa Ukerewe, na humpunja zaidi mkewe, ambaye huanika, hulima na kuuza katika wiki hiyohiyo, kisha huandikwa mkulima.