Kriminolojia: masomo ya kuuelewa uhalifu



Hapa Mapendo, mlango ukivunjwa usiku, asubuhi hakosi mtu wa kusema: "Ni wale wakimbizi." Mwingine atasema ni maibobo, mwingine ataapa ni watu wenye silaha. Tangu wafungwa maelfu walipotoroka gereza la Munzenze tarehe 27 Januari 2025, siku M23 walipoingia Goma, kuna pia wanaosema ni watu wa Munzenze. Mara nyingi hakuna aliyeona kitu. Lakini maneno hayo yanatosha kuifukuzisha familia katika nyumba ya kupanga, au kijana kupigwa na umati kabla hajaulizwa jina lake.

Kuna elimu inayochunguza mambo kama haya. Inaitwa kriminolojia, na tunaieleza hapa kwa sababu vijana wetu wanaweza kuisoma, na sisi wenyewe tunaweza kuulizwa maswali na wanaoisoma.

Wengi wanaichanganya na sheria au na kazi ya polisi. Hakimu anataka kujua nani ametenda kosa na sheria inasema nini. Mwanakriminolojia anauliza mengine. Kwa nini wizi umezidi mtaa huu na si ule? Nani anaitwa mhalifu, na nani haitwi hivyo hata kama amepora zaidi? Aliyeibiwa alikwenda kwa nani kwanza: polisi, mchungaji au chefu wa mtaa?

Tuchukue mfano wa Minova. Mwezi Novemba 2012, askari wa serikali waliorudi nyuma baada ya Goma kuanguka walibaka wanawake na kupora mali ya watu. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu tarehe 5 Mei 2014. Askari 39 walishtakiwa. Wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Mwanasheria ataisoma hukumu ile apime ushahidi. Mwanakriminolojia atauliza ni wapi amri ya wakubwa ilivunjika, kwa nini wanawake walitoa ushahidi wakiwa wamejifunika uso, na baada ya hukumu walirudi kuishi kati ya watu gani. Kwa maoni yetu, maswali haya ya pili ndiyo yanayosaidia jamii kujilinda kesho.

Somo moja la elimu hii lingefaa kila kiongozi. Kitabu cha polisi hakionyeshi uhalifu wote. Kinaonyesha ule ulioripotiwa tu. Mama aliyenyang'anywa simu, akiogopa kudaiwa pesa ofisini, hataenda kushitaki. Wataalamu huita makosa hayo yasiyoandikwa "hesabu ya giza". Kwa hiyo mtu akisema wizi umeongezeka tangu wakimbizi wafike, aulizwe: amehesabu nini, na tangu lini?

Katika nchi yetu kriminolojia ni masomo ya juu. Tangu mageuzi ya mwaka wa masomo 2021-2022, ngazi ni lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha doktora. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Shule ya Kriminolojia, na Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha utafiti wa kriminolojia. Profesa Raoul Kienge-Kienge Intudi wa Kinshasa alichunguza namna polisi wanavyowashughulikia vijana wa mji ule, akiifuata kazi yao kwa karibu badala ya kusoma karatasi tu. Si lazima mwanafunzi awe polisi. Wengi hutoka katika sheria, sosiolojia au saikolojia.

Lubumbashi ni mbali, zaidi ya kilomita 1,000 hata ukipita angani, na gharama ni mzigo kwa familia iliyopoteza mashamba. Kijana anaweza kuanza hapa: UNIGOM na ULPGL zina vitivo vya sheria, na kazi ya mwisho wa masomo inaweza kuhusu uhalifu wa mji wetu. Masta itafuata njia ikipatikana.

Na mwanafunzi wa namna hiyo akibisha mlangoni kwenu? Mwombeni barua ya chuo. Mwulizeni nani atakayeisoma kazi yake. Mnayo haki ya kukataa kujibu, na asiwaahidi msaada wala kuwaandikisha kwa chakula. Asiandike jina la mwanamke aliyebakwa. Asiandike pia majina ya vijana wanaoshukiwa: katika mji wenye silaha nyingi, orodha kama hiyo inaweza kuua mtu. Akimaliza, arudi kuwasomea wazee alichokipata, kwa Kiswahili, kabla hajakipeleka kwa walimu wake, ili palipo na kosa wamsahihishe.